Jamani, matairi ya bure si ya bure!

Najua nimepotea. Shifti za usiku zimenibana, na nesi akitoka kazini asubuhi anachokitafuta ni kitanda, siyo kompyuta. Leo niko mapumziko, theluji imejaa dirishani, chai ya tangawizi iko mezani, basi nimeona nilipe deni.

Deni lenyewe ni hili. Kwenye grupu letu la ukoo mtu alifufua picha yangu ya mwaka 2021, ile niliyosimama nyuma ya gari siku nililolinunua. Mdogo wetu mmoja mwenye macho makali akaikuza, akasoma maandishi yaliyozunguka kibao cha namba, halafu akaandika: "Dada, kumbe huko hata matairi mnapewa bure maisha yote!" Mjomba wa Korogwe naye akadakia hapo hapo: "Basi mama tutumie manne ya Noah." Kwi kwi kwi! Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Niliahidi kueleza. Maelezo yana urefu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Kwanza, ni kitu gani hicho?

Huku Marekani gari jipya kwa kawaida hulinunui kiwandani. Unalinunua kwa wauzaji wenye yadi kubwa, na yadi hizo huwa na gereji yao hapo hapo. Katika mji mmoja unaweza kukuta yadi kadhaa zinauza gari la aina moja kwa bei inayokaribiana, kwa hiyo kila moja inatafuta kivutio chake. Hawa watakuambia oili bure mwaka mzima, wale watakuambia kuoshewa gari bure, na wengine ndio hao wa matairi bure maisha yote, yaani kwa muda wote utakaokuwa unalimiliki gari hilo. Tairi likiisha unarudi, wanakufungia jingine. Na siyo uongo, watu wanaopewa wapo.

Mimi nilinunua langu Machi 2021. Mwaka ule magari yalikuwa adimu kwa sababu viwanda vilikosa zile chipu za kompyuta baada ya korona kuvuruga kila kitu, hivyo punguzo la bei lilikuwa ndoto. Yadi sitaitaja jina. Inatosha kusema iko hapa Minnesota, njiani kati ya hospitali ninayofanya kazi na ninapoishi.

Muuzaji alinitajia "matairi bure" labda mara sita. Neno "sharti" halikumtoka hata mara moja. Nikamwomba karatasi ya mpango wenyewe. Akashangaa kidogo, akaenda kuitafuta, akarudi nayo baada ya muda. Jamani, mimi ni nesi. Kazini nashuhudia wagonjwa wakisaini fomu za ridhaa kabla ya upasuaji, na kila mara namwuliza mtu kama ameelewa anachokisaini. Siwezi kuwauliza wenzangu halafu mwenyewe nisaini nimefumba macho. Nikaisoma yote, kurasa mbili, herufi ndogo kama za kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Haya hapa masharti yake kwa ufupi:

1. Sevisi zote zifanyike kwenye yadi ile ile. Gereji ya jirani haihesabiki, hata yadi nyingine inayouza magari ya kampuni hiyo hiyo haihesabiki.

2. Sevisi ni kila maili 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Ukichelewa unapewa siku 15 za nyongeza, basi.

3. Siyo oili peke yake. Chochote ambacho yadi "itapendekeza" kwa ratiba yake, unafanya na unalipa.

4. Tairi lazima liishe lenyewe, kwa usawa, mpaka kashata zibaki 2/32 ya inchi, yaani kama milimita 1.6. Pancha, msumari, kupasuka kwenye shimo, kulika upande mmoja, hayo ni yako.

5. Tairi ni bure, lakini kulifunga, balansi na alaimenti unalipia.

6. Aina ya tairi wanachagua wao. Karatasi inasema "linalolingana na la awali", na anayeamua kulingana ni wao.

7. Ukifunga matairi mengine kwa hiari yako, umetoka kwenye mpango. Ukilifanyia gari biashara ya teksi au kupeleka vifurushi, umetoka. Ukiliuza, mnunuzi harithi kitu.

8. Yadi inaweza kubadili au kufuta mpango wakati wowote.

Sasa mtaniuliza, uliyasoma yote hayo na bado ukasaini? Ndiyo, nilisaini. Yadi iko njiani kwangu, gari lilikuwa ndilo nililolitaka, na sevisi ni lazima uifanye mahali fulani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo ulikuwa bado mzima. Ila ndani ya miaka minne na nusu nimejifunza kwamba masharti haya, ukiyasoma mezani, yana sura moja. Ukiishi nayo, yana sura nyingine kabisa. Mawili hasa ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Kashata na theluji

Tuanze na hilo la namba 4. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata kama 10/32 ya inchi, karibu milimita 8. Kipimo cha 2/32 ndicho ambacho sheria za majimbo mengi huku zinakihesabu kuwa mwisho wa tairi. Watu hupima kwa sarafu ya senti moja. Unaichomeka kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Rais Lincoln kikitazama chini. Ukiona kichwa chote, tairi limekwisha. (Senti hiyo wameacha kuitengeneza kwa matumizi ya kawaida tangu Novemba 2025, lakini mifukoni bado zipo tele.) Ukitumia sarafu ya senti 25 yenye kichwa cha Washington, unapima 4/32.

Kwenye lami kavu 2/32 ni kitu kimoja. Minnesota ni kitu kingine. Nyie mnaijua mvua ya masika Tanga na utelezi wa udongo mwekundu wa Amani, sasa chukueni utelezi ule, mugandishe juu yake barafu, halafu muongeze giza la saa kumi na mbili asubuhi na dereva aliyesimama wodini saa 12. Kwa theluji wapo mafundi wanaoshauri usishuke chini ya 6/32, kwa sababu kashata fupi haziing'ati theluji, zinapita juu yake kama ndala kwenye sabuni.

Mnaona mtego ulipo? Oktoba 2024 fundi wa yadi alinipimia 4/32, akaandika kwenye karatasi: bado mazuri. Kwa mpango wao yalikuwa bado kweli, maana hupewi bure mpaka yafike 2/32. Na nikijinunulia mwenyewe kwa sababu ya theluji, sharti la 7 linanitoa nje, na sevisi zote nilizolipia tangu 2021 zinakwenda na maji. Kwa hiyo mpango ule ule unaoitwa zawadi ndio ulionitaka nivuke baridi nzima ya 2024 hadi 2025 na tairi za nusu mkaa nusu moto, ili nistahili. Nilikuwa natoka nyumbani dakika 40 kabla badala ya 20. Asubuhi moja ya Januari gari liliserereka kwenye taa nyekundu mpaka katikati ya makutano. Ilikuwa Jumapili, barabara tupu, Mungu ni mwema. Lakini nilibaki nimeshika usukani nikijiuliza, hivi bure hii ni ya nani?

Kalenda haijui kwamba mtu ana mama ng'ambo

La pili ni la kalenda, na hili wengi wenu mlikuwepo.

Mimi siendeshi sana. Kwa mwezi natembea kama maili 800, ambazo ni kilomita 1,300 hivi. Kwa hiyo kwangu miezi sita ndiyo inayotangulia, maili 5,000 hazifiki. Sevisi ya Septemba 2023 niliifanya tarehe 14, iliyofuata ikawa inadaiwa tarehe 14 Machi 2024.

Ijumaa tarehe 16 Februari 2024 nikapigiwa simu kwamba Mama ameteleza uani, amevunjika nyonga. Jumapili nilikuwa kwenye ndege. Hayo mengine mnayajua, maana ninyi ndio mliokuwa mnapishana na mimi kwenye benchi la wodi, na mliokuwa mnaleta uji. Nilikaa wiki saba. Nisingeweza kumwacha mama yangu akijifunza kutembea upya na mwanawe aliyesomea uuguzi yuko ng'ambo anawauguza mama za wenzake.

Wiki hizo saba gari lilikuwa limelala kwenye maegesho hapa, limefunikwa na theluji. Halikusogea hata hatua moja. Tangu Septemba lilikuwa limekwenda maili kama 4,000 tu, bado maili 1,000 mkononi. Oili ilikuwa safi, kashata hazikulika hata unywele. Lakini kalenda haikulala. Machi 14 ikapita, zile siku 15 zikaisha Machi 29. Nilitua Aprili 6, na Aprili 9, siku yangu ya kwanza ya mapumziko, gari lilikuwa kwenye gereji yao. Siku 11 zaidi ya nyongeza.

Kijana wa kaunta nilimweleza vizuri. Akasikitika, akaniambia pole sana kwa mama, hakuna shida, tutaendelea kama kawaida. Nikamwomba aandike. Hiyo ni tabia ya kazini, sisi manesi tumefundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Akaandika kwa mkono wake kwenye ankara kwamba mteja alikuwa nje ya nchi kwa ugonjwa wa mzazi. Nikalipa dola 95, nikashukuru, nikaondoka.

Nikaendelea na mwendo ule ule. Oktoba 2024, sevisi. Safari hiyo wakasema na mafuta ya breki yabadilishwe kwa ratiba yao, dola 150 zaidi. Aprili 2025, sevisi. Oktoba 2025, sevisi, na safari hii fundi akapima 2/32, magurudumu yote manne, yameisha kwa usawa kama walivyotaka wenyewe. Nikasema haya, siku ya mavuno imefika.

Yule wa kaunta, si kijana wa mwanzo, alibonyeza kompyuta, akanyamaza, akabonyeza tena. Kisha akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Kwenye jina langu palikuwa pameandikwa kwamba nimeondolewa kwenye mpango tarehe 30 Machi 2024.

Tarehe 30 Machi! Yaani kesho yake tu baada ya zile siku 15 kuisha, wakati mimi niko Muheza namshika Mama mkono ahesabu hatua tano kutoka kitandani hadi mlangoni, mashine ilikuwa imeshanifuta. Na mashine hiyo hiyo ikanipokea mara nne baada ya hapo, ikachukua pesa yangu mara nne, bila kuniambia. Dola 95 mara nne ni 380, ukiweka na 150 za breki ni 530. Nikamwonyesha ankara yenye mwandiko wa mwenzao. Meneja akaitwa. Alikuwa mpole, kuwa mkweli, ila akasema karatasi haina kipengele cha msiba wala ugonjwa, na maneno ya mfanyakazi hayabadili mkataba.

Nikamwuliza swali moja tu: kama kompyuta ilijua, kwa nini haikuniambia? Akasema mfumo hautumi taarifa. Mfumo ule ule ambao kila mwezi wa tano baada ya sevisi unanitumia ujumbe kunikumbusha niende kulipa!

Hapo ndipo nilipouelewa ule mkataba kuliko siku niliyousoma. Haukuandikwa na mtu mbaya. Uliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kwao ni hapo hapo, mama yake yuko mtaa wa pili, akiugua anampelekea supu jioni na kurudi kulala kwake. Mtu huyo miezi sita haimpiti. Sisi tuliogawanyika, mguu mmoja huku na mwingine huko, tunaponunua kitu chenye kalenda ndani yake tunanunua kitu ambacho siku moja kitatuuliza tuchague.

Tufanye hesabu

Nikarudi nyumbani, nikatoa faili langu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi risiti zangu zote ninazo.

Kitabu cha gari langu kinasema kwa oili ya sintetiki badilisha kila maili 10,000 au mwaka mmoja. Kwa mwendo wangu ni mara nne tangu nilinunue. Gereji ya Mkenya mmoja hapa karibu inanifanyia kwa dola 60, jumla 240. Kuzungusha matairi, yaani kuyabadilishana nafasi mbele na nyuma yaishe sawasawa, ni dola 20. Tuseme mara tisa kama yadi walivyofanya, 180. Jumla 420.

Yadi nimekwenda mara tisa kwa dola 95, kuzungusha matairi kukiwa humo humo. Jumla 855. Tofauti ni 435. Ongeza 150 za mafuta ya breki, ambayo kwa kitabu cha gari wakati wake ulikuwa bado, tunafika 585.

Na wangenipa hayo matairi? Kufunga na balansi ni dola 35 kwa kila moja, mara nne ni 140, na alaimenti waliyoilazimisha ni 120. Hiyo ni 260. Kwa hiyo "bure" yangu ingefika dola 845.

Matairi manne mazuri ya kustahimili theluji, ninayoyachagua mwenyewe, pamoja na kufunga, nimeyanunua duka la jumla kwa dola 640.

Soma tena mwenyewe. Kwa mtu anayeendesha kama mimi, hata angetimiza kila sharti, bure ni ghali kuliko kununua! Kwa mtu anayekwenda maili 20,000 kwa mwaka, anayeishi karibu na yadi na asiyesafiri, hesabu inaweza kumpendelea. Sisemi ni wizi. Nasema kivutio kipo kwenye tairi, na biashara ipo kwenye gereji. Yadi wanataka urudi mara kwa mara, maana kila unaporudi fundi anaweza kukuta kitu kingine cha kutengeneza.

Na sheria inasemaje?

Hili nililisoma baadaye, na wenzangu mlioko huku litawasaidia. Tangu 1975 Marekani ina sheria iitwayo Magnuson-Moss. Kwa mujibu wake kampuni ya magari haiwezi kukufutia waranti eti kwa sababu umefanya sevisi gereji ya nje, mradi sevisi imefanyika na una ushahidi. Watu wengi huogopa gereji za mtaani kwa sababu ya waranti, na hofu hiyo haina msingi. Lakini matairi ya bure hayahesabiki kama waranti ya kiwanda, ni zawadi ya muuzaji, kwa hiyo anaweza kuifunga na kamba ya "njoo kwangu tu".

Halafu kuna Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Hao tangu 1971 wana mwongozo kuhusu neno "bure" lenyewe. Unasema masharti yote yatajwe waziwazi tangu mwanzo, pale pale neno linapotajwa, na kwamba kuweka kinyota halafu masharti yakajificha chini ya ukurasa hakutoshi. Mwongozo wa miaka zaidi ya 50! Desemba 2023 tume hiyo ikapitisha kanuni mpya kali kwa wauza magari, ila Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kwa kuwa tume iliruka hatua moja ya utaratibu. Kwa hiyo kwa sasa mlinzi wako wa kwanza ni macho yako.

Nilichofanya mimi

Theluji haisubiri barua, kwa hiyo matairi nilinunua wiki ile ile. Kisha nikaandika barua kwa mwenye yadi, ukurasa mmoja, bila matusi. Nikaambatanisha nakala za ankara zote tisa, ile yenye mwandiko wa kijana wao juu kabisa. Sikudai matairi. Nilidai pesa ya sevisi nne walizonitoza kama mwanachama wa mpango walionitoa kimya kimya. Nakala nikaituma ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambayo hupokea malalamiko ya wateja bila kumtoza mtu senti.

Baada ya wiki tatu meneja akanipigia. Wakanirudishia dola 380, za breki wakagoma, na wakataka nisaini kwamba sina madai tena. Nikasoma mistari yote, nikasaini. Zile 380 zimeshafika Muheza, zimenunua lile gongo la kutembelea lenye miguu minne la Mama na zilizobaki zimelipa mazoezi ya viungo. Kwa hiyo Mjomba, unaweza kusema matairi ya bure yalifika nyumbani, ila kwa umbo jingine.

Kwa nyie mlioko nyumbani

Najua mtasema hayo ni ya Marekani. Hapana. Bando la bure, laini ya bure, sevisi ya kwanza ya pikipiki bure, vyote vina karatasi mahali. Ulizeni maswali manne kabla ya kushukuru: Nifanye nini ili nipate? Nikichelewa siku moja inakuwaje? Nani ataniambia kama nimetoka? Na gharama gani nitalipa siku ya kupokea? La tatu ndilo wengi hatuliulizi, na ndilo lililonigharimu.

Na kwa kuwa tumezungumza matairi, wewe mdogo wangu wa bajaji na Mjomba mwenye Noah, nawapa kitu cha bure cha kweli. Mkienda kununua matairi ya mtumba, msiangalie kashata peke yake. Ubavuni tafuteni herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 3514, lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata nzuri za kumpendeza mtu, lakini mpira wake umezeeka, na mpira mzee hupasuka barabarani kwenye joto la Segera bila kuaga. Pia ndani ya mifereji ya tairi kuna vijivimbe vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha hata kama fundi anakuambia "bado linatembea hilo". Tafadhali, msiwapakie watoto kwenye tairi kipara.

Mlioko huku na wenu mna hadithi kama hii, ya gari, ya simu, ya bima, niandikieni, tuelimishane. Ukikaa nazo moyoni hazimsaidii mtu.

Mama anawasalimu wote. Jana kwenye simu ameniambia anafika hadi kwa jirani na kurudi, mwenyewe, bila kushikwa. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema, "Mimi si gari, sihitaji sevisi kila miezi sita."

Wasalaam, na jioni njema kwenu. Mimi naenda kulala, kesho nina shifti.